Namna ya kulinganisha Kigujarati na Kiindonesia ukiwa na Kiswahili chako tu

Anza na mchele. Mie nilianza kwingine nikapoteza muda mwingi, ndo maana nakwambia mapema.

Nilichukua daftari nikapiga mistari, Kiingereza kushoto, Kigujarati katikati, Kiindonesia kulia, maana kamusi zote nilizozipata kwenye simu zinapitia Kiingereza, basi nikawa najaza neno baada ya neno. Siku moja nikaingia dukani kwa bibi mmoja Mgujarati huku kwetu Ngamiani, Tanga, mtaa mzima tunamwita Ba kama wanavyomwita wajukuu zake, nikamuuliza, "Shikamoo Ba, hivi mchele kwenu mnauitaje?" Akaacha kupima sukari. "Marahaba mwanangu. Mchele upi, ulioko shambani, ulioko guniani au ulioko sahanini?" Wa shambani ni dangar, wa guniani ni chokha, ukishaiva ni bhat. Jioni nikamtumia voisi mpwa wangu aliyesoma Yogyakarta, Indonesia, akanirudishia majibu yaleyale matatu, shambani padi, guniani beras, sahanini nasi. Na sisi tuna mpunga, mchele, wali. Kiingereza vyote hivyo kinavitia kwenye neno moja, kwa hiyo daftari langu lilikuwa linafuta tofauti ambayo lugha zote tatu zinayo.

Ule ukurasa niliuchana. Safu ya kushoto sasa ni Kiswahili, na ndivyo ninavyokushauri ufanye, kwa sababu Kiswahili kimekaa pazuri sana kwa kazi hii. Maneno yaliyosafiri na majahazi tunashirikiana na wote wawili, na kwenye sarufi kuna mahali tunafanana na Mgujarati halafu kuna mahali tunafanana na Mwindonesia, kwa hiyo ukijipima mwenyewe unaona haraka nani yuko wapi.

Jambo la kwanza kabla hujatoka nyumbani na daftari lako: sio kila Mhindi wa Tanga anaongea Kigujarati. Wengi hapa mjini nyumbani wanaongea Kikachi, lugha ya Kutch, ambayo Kutch yenyewe iko ndani ya jimbo la Gujarat lakini lugha yao iko karibu zaidi na Kisindhi cha upande wa Pakistan. Mabohora nao wana Kigujarati chao kinachoitwa Lisan al-Dawat, kimejaa maneno ya Kiarabu na kinaandikwa kwa herufi za Kiarabu. Kwa hiyo uliza kwanza, kwa adabu, "nyumbani mnaongea lugha gani?" usije ukachanganya Kikachi na Kigujarati kwenye safu moja halafu ukashangaa mbona mambo hayalingani. Upande wa Kiindonesia vilevile, kuna watu nyumbani wanaongea Kijava au Kisunda na Kiindonesia ni lugha ya shule na ya kukutania, kama sisi na Kidigo, Kibondei au Kisambaa. Mpe mtu nafasi akwambie lile neno ni la lugha gani.

Sasa maneno ya nyumbani. Chukua majina ya watu wa familia, hapa ndo utapata somo kubwa kwa dakika tano. Kaka: kwetu ni ndugu wa kiume, kwa Mgujarati kaka ni baba mdogo au baba mkubwa, yaani ndugu wa baba, na Kiindonesia kakak ni ndugu aliyekutangulia kuzaliwa, awe mwanamume awe mwanamke. Dada: kwetu dada, Kigujarati dada ni babu mzaa baba, Kiindonesia dada ni kifua. Mama: kwetu na kwa Mwindonesia ni mama, lakini kwa Mgujarati mama ni mjomba! Ndugu wa kiume wa mamako. Nani, ambalo sisi tunaulizia mtu, kwa Mgujarati ni bibi mzaa mama. Bibi kwa Mwindonesia ni shangazi au mama mdogo. Na kuku wa Kiindonesia ni ukucha.

Yaandike yote hayo mwanzoni mwa daftari kwa wino mwekundu. Sauti kufanana si undugu wala si maana moja, na mtu akishalishika hili kwa kaka na dada hadanganyiki tena mbele ya safari.

Undugu wa kweli unatafutwa kwenye maneno yasiyokopeka kirahisi, na njia nyepesi ni kuhesabu. Kigujarati: ek, be, tran, char, panch. Kiindonesia: satu, dua, tiga, empat, lima. Hapo hamna kitu kinachoshikana. Lakini iweke Kiindonesia pembeni ya Kimalagasi cha Madagaska, jirani zetu hapo baharini: lima ni dimy, dua ni roa, empat ni efatra. Hao ni ndugu, ukoo wa Kiaustronesia, wahenga wao walivuka bahari hii yote kutoka upande wa Borneo. Mgujarati naye mweke na Mwajemi, panch na panj, hao ni ukoo mwingine kabisa, ule wa Kihindi-Kiulaya, ndo maana hata tran ukiisikia vizuri haiko mbali na tatu ya Waingereza, three. Wengine wanaona dua ya Kiindonesia inafanana na mbili ya Kisanskriti, lugha ya kale ya India, yaani dvi, wanasema aha, undugu huo. Hapana, imetokea tu.

Ila hesabia moja mpaka tano, usiende mbali. Jiangalie mwenyewe, sita, saba na tisa tumezichukua kwa Mwarabu na bado sisi Wabantu. Angekuja mtu kutulinganisha na Waarabu kwa kuanzia na sita angeandika uongo mtupu. Viwakilishi navyo vina mtego huohuo, saya, ile "mimi" ya heshima ya Kiindonesia, yenyewe imetoka Kisanskriti, sahaya, na Mgujarati mpaka leo anasema sahay akimaanisha msaada. Kwa kulinganisha tumia aku, hiyo ndo ya kwao wenyewe.

Ukishajua kwamba hawa si ndugu wa damu, sasa unaweza kufurahia walichokopa. Nakuomba hapa usiwe na haraka, hapa ndo patamu.

Kuna mlango wa Kisanskriti. Kigujarati kimezaliwa humo, Kiindonesia kiliyapokea maneno yake kupitia falme za zamani za Sumatra na Java, ushahidi wa maandishi ya Kimalay yenye maneno ya Kisanskriti upo tangu mwaka 683 kwenye jiwe la Kedukan Bukit huko Sumatra. Ndo maana bahasa yao na bhasha ya Mgujarati ni neno moja, lugha. Guru ni guru kote kote, raja ni raja, bumi na bhumi ni ardhi. Suami kwa Mwindonesia ni mume, kwa Mgujarati swami ni bwana, mtu wa dini. Ila kipenzi changu ni hiki: Kigujarati desh ni nchi na nagar ni mji. Vuka bahari. Kiindonesia desa ni kijiji na negara ndo nchi. Maneno mawili yaleyale, yamepishana njiani, la nchi limeshuka likawa kijiji na la mji likapanda likawa nchi. Na duka, ambalo kwetu ni duka na kwa Mgujarati dukan, Kiindonesia ni huzuni, linatokana na lile la Kisanskriti ambalo Mgujarati analisema dukh. Kwa hiyo ukiona duka kwenye gazeti la Jakarta ujue ni rambirambi.

Mlango wa Kiarabu huo unaujua mwenyewe. Dunia, kwao dunia na duniya. Sabuni, kwao sabun na sabu. Wakati, waktu na vakhat. Habari, kabar na khabar. Kiti wanakiita kursi na khurshi, na wewe ukishasoma Ayatul Kursi hilo tayari unalo. Kitab wanalo wote wawili ila Mwindonesia analiweka zaidi kwa vitabu vya dini, cha kawaida ni buku, hilo wamechukua kwa Mholanzi aliyewatawala. Siku za wiki zipitie tu haraka, Kamis ni Alhamisi na Jumat ni Ijumaa, Mgujarati yeye anafuata sayari na miungu, Somvar, Mangalvar, hana habari na sisi hapo. Mreno naye ametuachia meza, wao meja na mej, na bendera, ambayo Kiindonesia ni bendera hivyohivyo herufi kwa herufi. Kuli ni kuli kuanzia bandari yetu hapa mpaka Surabaya.

Usisahau kwamba watu hawa wawili walijuana wenyewe kwa wenyewe, bila kupitia kwetu. Mawe ya makaburi yaliyochongwa Khambhat, Gujarat, yapo Pasai kule Sumatra na Gresik kule Java, na kitambaa cha patola cha Gujarat kilikuwa mali ya thamani sana visiwani huko. Sasa mtu akikwambia "haya maneno yamefananaje?" mjibu kwa meli na majahazi.

Tuje kwenye kujenga sentensi, na hapa unahitaji kutega sikio mwenyewe, kamusi haitakusaidia. Chukua sentensi moja fupi, nasoma kitabu. Mwindonesia: saya membaca buku, mimi-nasoma-kitabu, mpangilio wetu. Mgujarati: hu chopdi vanchu chhu, mimi-kitabu-nasoma-niko, kitendo kinakwenda mwisho kabisa. Halafu kitabu kipo juu ya meza. Buku ada di atas meja, yaani kitabu kipo kwenye juu meza. Mgujarati anasema chopdi mej upar chhe, kitabu meza juu kipo, ile "juu" inakuja nyuma ya meza. Ukiona lugha inaweka kitendo mwisho tegemea na vitu vingine vyote vitageuka, na kweli mwenye mali anatangulia mali: maru nam, langu jina, wakati Mwindonesia anasema nama saya kama wewe unavyosema jina langu.

Mpaka hapo utadhani tumelalia kwa Mwindonesia moja kwa moja. Subiri ufike kwenye upatanisho. Mwambie Ba "mvulana mkubwa, msichana mkubwa, nyumba kubwa" atakupa moto chhokro, moti chhokri, motu ghar. Kile kisifa kinageuka kufuata jina, kwake kwa mkia, kwetu kwa kichwa, na yeye ana jinsia tatu wakati sisi tuna ngeli zetu nyingi, lakini kazi ni ileile. Hata ile "ya, cha, la" yetu anayo, chhokra-no, chhokra-ni, chhokra-nu, inafuata kinachomilikiwa na sio mwenye nacho, sawasawa na kitabu cha mtoto na nyumba ya mtoto. Na akisimulia yaliyopita kuna ajabu nyingine. Barua kwa Mgujarati inaweza kuwa chitthi, ambayo ni ya kike, au kagal, ambayo ni ya kiume, basi me chitthi lakhi lakini me kagal lakhyo, yote ni niliandika barua, kitendo kinaitazama barua hakimtazami mwandishi. Walimu wengi wa lugha hapa wanatokwa jasho kueleza, ila wewe unayesema nimeiandika na nimekiandika uko nusu ya njia tayari. Mwindonesia? Besar ni besar, kubwa, iwe nyumba iwe mtu iwe bahari. Wingi anaurudia tu, anak mtoto, anak-anak watoto, na akishataja idadi wala harudii.

Kwenye vitenzi lakini Mwindonesia anarudi kwetu. Mzizi tulis, kuandika. Menulis anaandika, ditulis inaandikwa, penulis mwandishi, tulisan maandishi, menuliskan kumwandikia mtu. Ona hiyo pe- ya mbele na m- yetu ya mwandishi, ona hiyo -kan ya mwisho na -ia yetu. Ndo maana kamusi ya Kiindonesia unaitafuta kwa mzizi, ukitafuta menulis kwenye M unaweza usilikute, kama vile hutafuti "anaandika" kwenye A. Na angalia hiyo t ya tulis imemezwa ilipokutana na me-, wanaoanza wengi hukwama hapo.

Halafu kuna bado. Mpwa wangu alisema hili ndo lilimfanya ajisikie nyumbani, unaulizwa sudah makan? umeshakula? na kama hujala hujibu hapana, unajibu belum, bado. Neno moja, linalobeba kwamba utakula. Mgujarati naye ana lake la kutukaribisha: asipojua kitu anasema mane khabar nathi, neno kwa neno kwangu habari hakuna. Sina habari! Na salamu zao ni hivihivi, Mwindonesia anauliza apa kabar, habari gani, Mgujarati anauliza kem chho, mko vipi, unajibu majama.

Sauti nazo zinataka sikio na sio macho, kwa hiyo rekodi. Kiindonesia kwetu ni rahisi mno, c yao ni ch yetu, ny ni ny, kitu kimoja tu cha kushika: ng yao ni ng' ya ng'ombe, na wakitaka ng ya ngoma wanaandika ngg. Bunga, ua, inasomwa bung'a. Mangga, embe, inasomwa manga. Na tangga, yaani ngazi, inasomwa Tanga, jina la mji wetu bila kupunguza wala kuongeza, na ukisema tetangga umesema jirani. Ukikutana na kitabu cha zamani chenye tj usishtuke, tahajia ilibadilishwa mwaka 1972, tj ya zamani ndo c ya leo.

Kigujarati ndo chenye kazi. Bar ni kumi na mbili, bhar ni mzigo. Pal ni kitambo kidogo sana, phal ni tunda. Tofauti yote iko kwenye pumzi. Weka kiganja mbele ya mdomo, useme pal, kisha phal, ile ya pili lazima uisikie inapuliza. Wazee wa pwani wanaotofautisha paa la nyumba na paa mnyama kwa pumzi hawapati shida hapa, muombe mzee akuonyeshe. Halafu kuna t na d za kukunja ulimi nyuma, hizo mie zilinichukua wiki na bado Ba ananirudisha.

Maandishi usiyaogope. Kiindonesia ni herufi zetu hizi. Kigujarati kina herufi zake, zinafanana na za Kihindi isipokuwa ule mstari wa juu haupo. Kama ulipita chuo cha Kurani umerahisishiwa, maana irabu zinazunguka herufi kama irabu za juu na chini za Kiarabu: ક ni ka, કા ni kaa, કિ ni ki, કુ ni ku. Watoto wao wanaimba jedwali linaloitwa barakhadi, ka kaa ki kii ku kuu, hivyohivyo kama tulivyoimba ba be bi bo bu darasa la kwanza. Na Kimalay, mama wa Kiindonesia, kiliandikwa karne nyingi kwa herufi za Kiarabu, Jawi, kama Kiswahili cha mashairi ya zamani na kama hicho Kigujarati cha Mabohora. Lugha tatu, kalamu moja.

Kitu kimoja nimekiacha kwa makusudi mpaka hapa kwa sababu kwenye Kiswahili hakipo na ndo mahali ambapo hawa wawili wanafanana na sisi tuko nje. "Sisi" yetu ni moja. Wao wanazo mbili. Mwindonesia akisema kita, na wewe msikilizaji umo, akisema kami, wewe haumo. Mgujarati aapne wewe umo, ame haumo. Hawakukopeshana hiyo, kila mmoja ameipata kwao. Na huwezi kuiona kwenye kamusi inayopitia lugha yenye "sisi" moja, lazima ukae na watu uwasikilize wanapoongea mambo yao.

Juzi umeme ulikatika mtaani, nimekaa pale dukani na daftari langu, Ba akamgeukia mjukuu wake na mie nikiwa katikati yao akasema kitu kifupi, nikashika lait nathi, umeme hakuna, ila la mwanzo likanipita. Nikamuuliza, "Ba, umesema ame au umesema aapne?"

"Aapne tyan," akasema, huku anatafuta mshumaa. "Kwetu. Kwani wewe kwako umeme upo?"